Fulana Kavu

Mwanamume akirudi nyumbani asubuhi siku ya kazi, wapangaji wa ploti nzima hujua kabla hajafika mlangoni kwake. Odera alipanda ngazi za jengo lao pale mtaa wa Tena, Nairobi, akijifanya anaongea na simu, na upande wa pili wa simu hapakuwa na mtu. Rispa, jirani wa mlango wa pili, alikuwa anaanika nguo. "Baba Tiffany, leo mmeachiliwa mapema!" akasema kwa sauti kubwa kuliko haja, kisha akaendelea kukung'uta shuka ambalo lilikwisha kukung'utwa. Odera akaitikia kwamba ndiyo, leo mapema, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mkewe, Amondi, alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua mboga za managu. Stima ilikuwa imepotea huko mtaa wa Fedha anakoshona, nao wakaambiwa waende nyumbani hadi kesho yake. Alimwona mumewe amesimama katikati ya chumba kama mgeni anayengoja kuonyeshwa kiti, akajua kuna jambo.

"Kuna nini?"

"Hakuna."

"Hakuna ndiyo imekutoa kazini saa hii?"

Odera akaketi, akavua viatu, akajikuna mkono kuanzia kiwiko hadi kiganja, polepole, huku macho yakiwa sakafuni. Alikuwa mtu wa tanuri. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya moto katika kiwanda cha vyuma, akivuta vipande vyekundu kwa koleo refu, na kwa miaka yote aliyoifanya hakuna aliyewahi kumrudisha nyumbani.

"Wamesema fulana yangu iko kavu," akasema hatimaye.

Amondi aliweka sufuria chini. Maneno hayo machache yalimkata maini, kwa sababu fulana yenyewe ilikuwa imepita mikononi mwake.

Fulana hiyo haina budi kuelezwa, maana ndiyo iliyozua yote haya. Kwa nje ilikuwa fulana ya kijivu kama zile zinazouzwa mtumbani. Kwa ndani, kifuani na mgongoni, ilishonwa kwa uzi unaopitisha umeme kama waya, lakini mwororo, unaokunjika na kufulika. Jasho likiulowesha, umeme kidogo mno hupita, na kidude kilichobanwa kifuani, kisichozidi kifuniko cha soda, hupeleka habari hadi kwenye kompyuta ya zahanati ya kiwanda. Huyu ametoka jasho jingi, aitwe anywe maji apumzike. Yule yuko mbele ya moto na hana jasho kabisa, aitwe haraka zaidi. Wakubwa walizileta baada ya kijana mmoja kuzirai kwa joto. Wafanyakazi nao hawakuamini. Walisema hizo ni fulana za kumnasa mvivu, na kwamba tajiri amechoka kuwahesabia saa, sasa anataka kuwahesabia jasho.

Aliyezishona ni Amondi na wanawake wenzake, kwenye chumba cha ghorofani huko Fedha, chini ya msichana mmoja mhandisi aitwaye Waithera. Sheria ya kwanza waliyofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi, ilikuwa kwamba kati ya uzi huo na ngozi ya mtu pasiwe na kitu chochote.

Na Amondi alikuwa ameweka kitu. Odera alianza kujikuna karibu na wakati ule fulana zilipoletwa. Alijikuna mgongo kwenye fremu ya mlango kama ng'ombe kwenye mti, akajikuna hadi ngozi ikatoka michirizi myeupe. Amondi akailaumu fulana, nani asingeilaumu? Ni kitu kigeni, kina waya ndani. Basi akafungua sanduku, akatoa nepi kuukuu ya Tiffany aliyoihifadhi tangu mtoto aache kuzivaa, kitambaa kilichofuliwa hadi kikawa laini kama shavu, akaikata na kuishona ndani ya fulana ya mumewe iwe bitana. Alijiambia sheria haivunjiki hapo. Kama jasho haliwezi kupita kwenye nepi, alijiambia, basi haliwezi kupita popote.

"Kiarie alisema nini?" akauliza sasa. Kiarie alikuwa msimamizi wa zamu.

"Alikuja na simu, akanionyesha mistari ya jasho. Mistari ya wenzangu imepanda, wangu umelala. Akasema mbele ya watu, 'Mzee, ni mambo mawili tu. Ama unavua hii fulana unaitundika mahali, ama mwili wako uko na shida. Sema ni gani.' Akanifungua ovaroli yeye mwenyewe, Mama Tiffany. Vijana wakiangalia. Kama mtu ameshikwa na mkate wa wizi."

"Na wewe ukasema?"

"Nikasema naivua. Inaniwasha, naivua, nikimwona anakuja naivaa."

"Lakini huivui!"

"Ningesema nini? Kwamba bibi yangu, ule wa kuzishona, ameweka nepi kwa ndani? Ungekuwa na kazi kesho?"

Amondi alimwangalia huyu mtu mrefu, mkimya, ambaye hakuwahi kuchelewa kazini wala kunywa pesa za nyumba, na ambaye amekubali kuitwa mjanja mbele ya vijana kwa ajili yake. Alimpenda siku hiyo kuliko siku aliyoolewa naye, na aibu ikamkaba pamoja na upendo huo hata hakuweza kuvitenganisha.

"Wanza, yule nesi wa zahanati, amechukua fulana," Odera akaendelea. "Ataipeleka kwenu iangaliwe kama imeharibika. Alitaka kunipima, nikamwambia mimi si mgonjwa. Ijumaa naitwa mbele ya wakubwa. Nitaomba msamaha. Kosa la kwanza huwa wanatoa onyo."

"Wakiona bitana?"

"Watajua ni wewe."

"Mshono wangu wanaujua wote," Amondi akasema.

Wakakaa. Nje Rispa alikuwa anamwambia mtu jambo kwa sauti ya chini, na hiyo sauti ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi.

*

Jioni Tiffany alirudi kutoka shule, begi begani, akamkuta baba yake anatazama televisheni iliyozimwa. Alikuwa kidato cha nne, mwenye ulimi mwepesi na moyo mwepesi zaidi.

"Niaje buda? Leo umeniwahi."

"Niko poa."

Msichana akaenda jikoni kwa mama yake na kunong'ona. "Mathe, kwani ni ukweli? Kwa geti wanasema buda ametimuliwa juu ya kudoji kazi."

"Nani anasema?"

"Si watu. Mimi nimewaambia wamakinike na maisha yao."

"Baba yako hajawahi kukwepa kazi."

"Najua. Lakini hiyo ndiyo story iko mtaani."

Amondi akamkabidhi sahani ampelekee baba yake. Odera alikula kidogo, akasema samaki ana ladha ya chuma. Siku hizi alisema hivyo kuhusu karibu kila chakula. Amondi angeudhika siku nyingine, lakini mtu aliyevuliwa heshima anaruhusiwa kulalamika kuhusu samaki. Baada ya kula Odera akameza vidonge vyake vya mgongo, vile anavyonunua kwenye duka la dawa pale chini bila kuandikiwa na mtu, akaenda kulala kabla ya taarifa ya habari.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba. Kope zilikuwa nzito, na chini yake mifuko ya ngozi imejaa. Amondi alitazama mara moja tu, kisha akageukia jiko, ili mumewe asijue kwamba ameona. Alidhani amelia usiku. Mwanamume wa Kijaluo wa umri ule hangetaka mkewe amwone na macho ya kulia, na Amondi akamsitiri kwa kumpa mgongo na kujishughulisha na chai. Moyoni alimwonea huruma.

"Naenda machinjioni Kiamaiko," Odera akasema. "Barre, yule mwenye mbuzi, aliniambia siku moja kwamba mtu wa kushika mbuzi hakosi kitu pale."

"Wewe? Kushika mbuzi?"

"Mbuzi anashikwa kama koleo. Ni vile tu anapiga kelele."

Wakacheka kidogo, wote wawili, kicheko cha kusaidiana. Akatoka. Na Amondi akashona shauri lake hapo hapo akiosha vikombe. Fulana ikiangaliwa na kuonekana imetiwa bitana, watajua mashine ilidanganywa na kitambaa, si na Odera. Jina lake litasafishwa na tanuri lake atarudishiwa. Yeye ndiye atakayefukuzwa. Mshahara wa Odera ndio uliolipa nyumba na shule. Wa Amondi ulilipwa kwa kipande, leo upo kesho haupo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Alijifunga leso kichwani akaenda Fedha kwa miguu, kupitia mitaa ya Donholm na Savannah, akipanga maneno.

*

Waithera alikuwa msichana wa miwani mikubwa na viatu vya mpira, aliyewaita wanawake wote kwa majina ya watoto wao na kuona haya kila alipowakosoa. Fulana ya Odera ilikuwa imefika jana yake. Ilikuwa juu ya meza, imegeuzwa nje ndani, na nepi inaonekana nyeupe kabisa juu ya kile kijivu. Wanawake wenzake walikuwa kwenye cherehani zao, na hakuna aliyeinua macho Amondi alipopita. Kumbe wote walikwisha kuiona.

"Madam," akasema Amondi akifunga mlango wa kiofisi. "Hiyo ni kazi yangu."

"Najua, Mama Tiffany. Huo mkono wako hata usiku naujua." Waithera akavua miwani. "Kwa nini lakini? Si ulijua sheria?"

"Ilikuwa inamwasha. Alikuwa anajikuna mpaka damu. Nikaona ni hiyo waya." Kisha akasema yote kwa mpigo, kabla ujasiri haujamtoka: kwamba Odera haivui, hajawahi kuivua, kwamba alikubali uongo kumfunika mkewe, kwamba anaitwa Ijumaa, kwamba makosa ni yake yeye Amondi na yuko tayari kufutwa leo hii. "Wewe andika tu vile bitana iliharibu mashine. Waambie ni mimi. Mwenye kosa ndiye anakula kosa."

Waithera akavaa miwani tena. "Nikiandika hivyo, lazima nikuachishe kazi. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Na lazima nionyeshe vile iliharibu. Siwezi andika kwa mdomo tu."

"Onyesha."

Waithera akaleta kidude, akakibana kifuani pa fulana, akafungua kompyuta. Kisha akamtazama Amondi, aliyetembea kutoka Tena na kupanda ngazi, paji la uso linang'aa. "Vaa wewe," akasema. "Shuka na upande ngazi. Tutaona kama jasho lako litakataliwa."

Amondi akaivaa fulana ya mumewe chini ya blauzi yake. Ilikuwa kubwa kifuani ikamlazimu kuikaza kwa mkanda. Akashuka ngazi mbio na kupanda mbio, mama wa watu mzima, wenzake wakimtazama sasa bila kujificha. Akashuka tena. Jua la saa sita lilikuwa limepiga mabati ya ngazi na pumzi ikamwisha. Alifurahi, Mungu anajua alifurahi, alikimbia kama anayekwenda kupokea zawadi. Aliporudi ofisini blauzi ilikuwa imeshikana na mgongo.

Waithera akageuza kompyuta ili Amondi aone.

Mstari ulikuwa umepanda. Ulianza chini na kupanda, na bado ulikuwa unapanda Amondi alipokuwa amesimama pale anahema.

"Hiyo ni nini?" akauliza, ingawa alijua.

"Ni wewe. Jasho lako limepita kwa nepi likafika kwa uzi. Nepi imelowa, uzi umelowa, kila kitu kinasoma sawasawa."

"Jaribu tena."

"Mama Tiffany."

"Nimesema jaribu tena, madam. Pengine ni vile nilikimbia sana."

Wakajaribu tena. Safari hii Amondi alikaa tu kwenye kiti, na mstari haukushuka. Alikuwa amekuja kuomba ahukumiwe, na fulana yenyewe ilikuwa inamwachilia. Hakuna mtu aliyewahi kuchukia kutokuwa na hatia kama alivyochukia Amondi saa ile.

"Basi kama fulana ni nzima…" akaanza, asimalize.

Waithera alimaliza kwa sauti ya upole. "Basi ilikuwa inasema ukweli. Alikuwa amevaa, amesimama mbele ya moto, na hakuwa anatoa jasho. Wanza aliniambia nikuulize. Huko kujikuna, kulianza na fulana au kabla?"

"Karibu wakati mmoja."

"Macho yanavimba asubuhi?"

Amondi akashika ukingo wa meza.

"Na anakunywa dawa za maumivu? Za kununua tu?"

"Za mgongo. Kila siku."

"Wanza anahofia figo. Figo zikianza kushindwa, anasema, ngozi hukauka na kuwasha, na jasho hupungua. Si lazima iwe hiyo, mimi ni mtu wa mitambo, si daktari. Lakini mtu asiyetoka jasho, mwili wake hauna pa kutolea joto. Ataanguka siku moja. Na pale mbele ya tanuri hakuna upande mzuri wa kuangukia."

Kwa hiyo hakuwa amelia. Amondi alimwonea huruma kwa machozi ambayo hayakuwapo, akampa mgongo ili asimwaibishe, na ugonjwa ukapita mbele ya macho yake ukanywa chai na kutoka. Na ile nepi! Alikuwa ameitibu fulana wakati mgonjwa ni mtu.

"Sijamwandikia Wanza bado," Waithera akasema, akitazama vidole vyake. "Ulivyokuja kunieleza, ningeweza kuandika hivyo hivyo. Bitana, basi. Mzee arudi kazini Jumatatu, mimi na wewe tujue la kufanya baadaye. Ama niandike haya tumeona. Wewe ni bibi yake. Niambie."

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na siku hiyo Mnyamwezi alikuwa Amondi. Aliwaza kodi, akawaza mtihani wa Tiffany, akawaza Odera mbele ya wakubwa akiomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Andika bitana," akasema.

Alivua fulana, akashuka ngazi taratibu, akafika chini. Alisimama mlangoni pa jengo ili blauzi ikauke kabla hajatoka barabarani. Ilikuwa imelowa kola na makwapa, itamsumbua kuifua. Ndipo alipokumbuka mashati ya Odera. Zamani alikuwa anayaloweka usiku kucha na bado anayasugua kola kwa brashi hadi vidole vinauma, maana mtu wa tanuri hurudi na chumvi imeganda mgongoni kama ramani. Lakini miezi hii mashati yalikuwa yanatakata kwa maji ya kwanza. Hayakuwa na harufu. Na yeye, badala ya kujiuliza, alikuwa anamshukuru Mungu kwamba siku hizi nguo za mume wake hazimsumbui.

Akapanda ngazi tena. Safari hii hakukimbia.

"Madam, usiandike hiyo. Andika vile tumeona. Andika nikiwa hapa."

Waithera aliandika, akatuma. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba mambo ya nepi wataongea Jumatatu. Amondi akasema sawa.

*

Alimkuta Odera Kiamaiko, nyuma ya machinjio, akiwashusha mbuzi kwenye lori. Jua lilikuwa kali na uvundo umesimama hewani. Vijana waliofanya naye kazi walikuwa wamelowa, mashati yameganda mwilini kama waliotumbukia mtoni. Odera alikuwa amevaa gambuti za mpira za kuazima, na shati lake lilikuwa linapeperuka.

Barre, mwenye mbuzi, alimwona Amondi akamjia kwa heshima. "Mama, karibu. Huyu mzee wako ni chuma. Tangu asubuhi anabeba, hata jasho hana. Hawa vijana wangu wanatoka maji kama wanawake wa kufua."

"Asante, Bwana Barre. Naomba nimchukue kidogo."

"Mchukue tu."

Odera akaja akijifuta mikono kwenye suruali. Uso wake ulikuwa umeiva kwa joto, na alitabasamu kama mtu aliyesifiwa mbele ya mke wake. "Umenifuata mpaka huku? Utanuka mbuzi."

"Nilienda kwa Waithera. Nikamwambia ile bitana ni mimi."

Tabasamu likaisha. "Nani alikutuma? Si nilikuambia nyamaza! Ijumaa ningeomba msamaha, ingeisha."

"Niliivaa nikakimbia ngazi. Inasoma vizuri. Iko sawa, Baba Tiffany. Haijaharibika popote."

Odera akatazama mbuzi.

Amondi alimsogelea, na pale pale mbele ya vijana na machinjio yote akapitisha mkono chini ya shati la mumewe na kuuweka mgongoni. Ngozi ilikuwa kavu kama unga, na chini ya huo ukavu ilikuwa inachoma kama sufuria iliyosahauliwa motoni.

"Watu wanaona," Odera akasema.

Mkono haukutoka. "Tangu lini?"

"Mama Tiffany, wacha."

"Tangu lini, Odera?" Hakuwahi kumwita kwa jina lake mbele ya watu.

Mbuzi mmoja alikuwa analia kwenye lori, akikataa kushuka. "Kitambo," Odera akasema. "Nilianza kuona wenzangu wamelowa, mimi niko kavu. Nikadhani ni mazoea ya moto. Halafu nikaanza kusikia kizunguzungu, nikajua si mazoea."

"Ulijua. Na ukamwambia Kiarie unaivua. Nilidhani unanifunika mimi."

"Nilikufunika pia." Sauti yake ilikuwa imeshuka hadi ikawa ya kuombea. "Lakini fikiria, Amondi. Mwongo wanampa onyo, anarudi kazini. Mgonjwa wanamwambia pole, wanaajiri kijana. Nilichagua ile yenye mtu anarudi."

Amondi alitaka kumwambia kwamba si hivyo, kwamba watu si wabaya kiasi hicho, lakini hakuweza, kwa sababu alimjua Kiarie na alivijua viwanda, na mumewe alikuwa amesema kweli tupu. Angekuwa peke yake angekaa chini hapo kwenye matope alie.

"Nimemwambia Waithera aandike vile tumeona," akasema. "Wanza ameshapata."

Odera alimtazama kama anayesubiri aseme alikuwa anatania.

"Basi umenifuta kazi."

"Ndiyo," Amondi akasema. "Vua gambuti za watu, twende hospitali."